Kichupa Kilichoganda

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa tangu saa mbili asubuhi, kwa maana Jumanne ilikuwa siku ya chanjo, na hakuna mama aliyethubutu kuchelewa mbele ya Bibi Kadi. Jina hilo alipewa na kina mama wenyewe. Alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na mmoja kazini, mwenye sare iliyonyooshwa pasi hata kwenye mishono, na aliyefika bila kadi ya mtoto alirudishwa nyumbani kuifuata, hata mvua ikinyesha.

"Siku ya kiyama Bibi huyu atawekwa mlangoni," alinong'ona mama mmoja mwenye mapacha. "Hata malaika yeye atawauliza: kadi zenu ziko wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Bibi Kadi alisikia, akakunja uso, ingawa moyoni hakuchukia.

"Chekeni, meno yaote jua," alisema. "Lakini tangu nikabidhiwe friji ile, hakuna mtoto wa mitaa hii aliyezikwa kwa ugonjwa wenye chanjo. Hilo nalo lichekeni."

Hapo ndipo mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alipoingia kwa haraka, amempakata mtoto wa miezi sita. Macho yalikuwa yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo mama. Mtoto anakohoa, hata titi halishiki."

"Marahaba. Umemwogesha maji baridi tena, si ndiyo? Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Haya, keti. Mafua hayo."

Kabla mkwe hajaketi, mtoto alianza kukohoa. Alikohoa mara moja, mara mbili, mara tano, kisha kikohozi kikafululiza bila kumwachia nafasi ya kuvuta hewa. Uso ulimvimba. Midomo ikageuka rangi ya wino. Mwisho pumzi ikaingia kwa mlio mrefu, mwembamba, kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha mtoto akalegea mikononi mwa mamaye.

Bibi Kadi alikuwa ameusikia mlio ule zamani sana, akiwa mwanafunzi, katika wodi ambayo vitanda vyake havikukaa na mtoto yule yule kwa muda mrefu. Daktari, mwanamume wa makamo aliyehamia hapo mwezi mmoja uliopita, ndiye aliyetoka chumbani mwake mbio, akamnyakua mtoto na kumwekea oksijeni.

Alipokwisha kumsikiliza kifua, alimgeukia Bibi Kadi.

"Kifaduro."

"Haiwezekani, Daktari."

"Hakuchanjwa?"

"Nimemchanja mimi! Mara tatu, kwa mkono huu!" Akaitoa kadi mkobani mwa mkwewe na kuiweka mezani. Tarehe tatu, mihuri mitatu, mwandiko wake uliosimama wima kama askari wa gwaride.

Daktari aliisoma mihuri yote mitatu. "Bibi, huyu ni wa tatu wiki hii. Wawili niliwapeleka hospitali kuu. Nao kadi zao zimekamilika, na mwandiko ni huu huu. Naomba niione friji."

Bibi Kadi alihisi ametukanwa. Alimwongoza hadi chumba cha nyuma huku kidevu kimeinuka, akamwonyesha karatasi ya joto iliyobandikwa ukutani: nne, nne, tano, nne, miezi na miezi, bila doa. Kipimajoto kilining'inia rafu ya juu, karibu na mlango. Daktari hakukitazama. Aliinama, akapeleka mkono rafu ya chini kabisa, akagusa ukuta wa nyuma ambako maboksi ya vichupa yalipangwa. Alipoutoa, vidole vilikuwa na chembe za barafu.

"Hiyo ndiyo sehemu yenye baridi ya kutosha," Bibi Kadi alieleza. "Tangu masika yaliyopita umeme unakatika kila mwisho wa wiki. Basi Jumamosi, kabla ya kufunga, mimi huzungusha kitufe cha baridi hadi saba, mwisho wake. Umeme ukipotea, chanjo zinabaki na baridi yake. Jumatatu alfajiri nakirudisha kwenye tatu."

"Na kipimajoto unakisoma saa ngapi?"

"Saa tatu, nikimaliza usafi. Kama tulivyofundishwa."

Daktari alifunga mlango wa friji. "Umeme ukikatika, sawa. Na wiki ambazo haukukatika?"

Bibi Kadi alikumbuka asubuhi za Jumatatu ambazo maboksi yalikuwa yamegandamana na ukuta, naye akiyabandua kwa uangalifu, akiyapangusa kwa kitambaa safi, akiisifu friji kwa uaminifu wake.

"Chanjo hufa kwa joto," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mwanafunzi anayesoma ubaoni. "Ndivyo tulivyofundishwa."

"Ya surua huvumilia barafu. Hii ya kifaduro haivumilii. Tusihukumu bado. Tutapima."

Jioni ile daktari aliagiza kichupa kimoja kutoka bohari ya wilaya. Cha pili alikitoa kwenye rafu ya chini. Cha tatu alikigandisha kwa makusudi, akakitia alama. Kesho yake, barafu ilipokwisha kuyeyuka, alivitikisa vyote vitatu kwa pamoja, vikawa vyeupe kama maji ya wali. Akavisimamisha mezani dirishani.

Bibi Kadi alisimama mbele ya vichupa, mikono nyuma. Cha bohari kilibaki na weupe wake. Kile kilichogandishwa kilianza kujitenga: maji mepesi juu, vipande vipande vikishuka chini kama maziwa yaliyokatika. Na kile cha rafuni, kichupa chake mwenyewe, kilishuka sambamba nacho, hatua kwa hatua, hata mtu asingeweza kuvitofautisha isipokuwa kwa alama ya kalamu.

Alivitazama, akavitazama tena. Aliomba vitikiswe mara ya pili. Vikatikiswa. Vikashuka.

"Chanjo ni sura ya adui inayoonyeshwa kwa mwili kabla adui hajaja," daktari alisema kwa upole. "Mwili ukiishika sura hiyo, huandaa kingamwili zake, zikakaa tayari. Ikiganda, sura huharibika. Mwili wa mtoto umechomwa sindano tatu bila kufundishwa lolote. Wadudu walipofika waling'ang'ania njia ya hewa na kumwaga sumu yao, na mlinzi hakuamka. Dawa nimempa, itawaua wadudu. Sumu iliyokwisha kumwagika haina dawa. Hiyo mwili utapambana nayo wenyewe, siku kwa siku."

"Wangapi?" Bibi Kadi aliuliza.

"Wewe ndiwe mwenye daftari."

Alilijua jibu bila kufungua daftari. Miezi minane. Watoto mia mbili na arobaini na sita.

Daktari alikaa, akavuta karatasi ya ripoti. "Nitaandika hitilafu ya friji. Umeme wa hapa kila mtu anaujua. Watoto tutawaita warudie, tuseme ni kampeni. Umebakiza miaka miwili kabla ya kustaafu, Bibi."

Bibi Kadi alitoka, akavuka ukumbi hadi chumba cha wagonjwa.

Mtoto alikuwa amelala kwa upande, bomba puani, mbavu zikionekana kila alipovuta hewa. Mkwe alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alipomwona mama mkwe wake, akaanza kulia.

"Mama, nisamehe. Ni yale maji. Ulinikataza, nikawa mbishi. Mume wangu kanipigia simu, kasema nikimpoteza mtoto wake kwa uzembe nisirudi kwake. Ana haki. Nimemuua mwanangu kwa maji baridi, mama."

Bibi Kadi alishika ukingo wa kitanda. Ilitosha kunyamaza. Ripoti ingesema friji, mkwe angesema maji, na sare yake ingebaki nyeupe hadi siku ya kustaafu.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Maji hayaleti kifaduro. Hayakuleta. Chanjo niliyompa ilikuwa imekufa, nami ndiye niliyeiua. Niliigandisha kwa mkono wangu kila Jumamosi, nikidhani naitunza."

Mkwe aliacha kulia ghafla. Alimtazama kana kwamba mtu asiyemjua ameingia amevaa nguo za mama mkwe wake.

"Na jana ukanigombeza mbele za watu."

"Nilikugombeza."

"Na usiku kucha ukaniacha nilie."

"Usiku nilikuwa sijajua kwa hakika. Lakini nilikuwa na shaka, na shaka niliimeza. Hilo nalo ni langu."

Mtoto akakohoa. Wote wawili wakamrukia. Mkwe akamwinua, na mkono wa bibi ulipofika mgongoni pa mtoto, akauondoa kwa kiwiko. Wakangoja. Midomo ikawa ya wino, ikakaa hivyo kwa muda usiosemeka, kisha ule mlio ukaja, na pumzi nyuma yake.

"Mwenye mapacha wale," mkwe alisema bila kumtazama, "pacha mmoja alikuwa akikohoa jana. Mama yake aliniambia eti alimnyima titi siku moja, ndiyo maana anakohoa. Nenda ukamwambie. Nenda ukawaambie wote. Usimwache mwanamke mwingine alale na haya niliyolala nayo."

"Daktari anataka kuandika friji."

"Friji haina mikono, mama."

Bibi Kadi alirudi chumba cha nyuma, akachukua daftari la chanjo. Alipompita daktari alisema tu, "Andika jina langu." Simu za mwanawe na ghadhabu yake zingemkuta baadaye; alizistahili.

Nje, benchi lilikuwa limejaa tena, maana tangu jana daktari alikwisha kuwaita waliochanjwa mwezi huo waje kukaguliwa kikohozi. Mama wa mapacha alimwona, akainua kadi mbili juu kama anayepunga bendera.

"Leo nimekuja nazo zote, Bibi, usinile nyama!"

Kicheko hakikudumu, kwa sababu uso wa Bibi Kadi haukuwa wa kuchekewa.

"Zishusheni kadi," alisema. "Nilichoandika humo si kweli."