Miguu Ndani ya Pipa la Kabichi

Josiane, jirani yetu wa mlango wa pili hapa Hjulsta, anawaambia kina mama wa kanisani kwamba aliniona kwa macho yake nimekaa kitini kama malkia, mama mkwe wangu kapiga magoti, ananiosha miguu. "Kwetu Uvira," anasema, "mke wa namna hiyo angerudishwa kwao kabla maji hayajapoa."

Magoti aliyapiga, sikatai. Ila Josiane alichungulia akaenda zake, pipa hakuliona.

Mama mkwe wangu, Danuta, ni Mpolandi. Kila vuli hukata kabichi nyembamba kama uzi, huitia chumvi na karoti, kisha huikanyaga pipani mpaka itoe maji yake yenyewe, na kuiacha ichachuke. Kwao kukanyaga ni kazi ya miguu michanga ya nyumba. Lakini tangu niolewe nilikuwa wa kumenya karoti tu. Alikanyaga mwenyewe, nami nikisimama mlangoni, nikitazama. Ndiyo maana mume wangu, Bogdan, alipotupatia nyumba yetu wenyewe Upplands Väsby, moyo wangu ulihama kabla ya vyombo.

Jumamosi ile, mizigo yetu imeshafungwa, mama mkwe aliniletea kiti na beseni.

"Mama, niache nijioshe," nilisema kwa Kiswidi chetu cha kuokoteza, nikivuta mguu. Uso uliniwaka kwa haya.

"Tulia. Magoti haya pipa yamelishindwa, beseni bado. Na kisigino chako ni cha mbuzi."

"Mbuzi wa Uvira hukanyaga vizuri, mama."

"Tutaona."

Akanisugua kidole baada ya kidole, akanishika kiwiko, nikaingia pipani. Kabichi ilikuwa ya baridi, ikilia chini ya nyayo kama theluji mpya. Kidogo kidogo ikalegea, maji yakapanda. Yeye alinyunyiza chumvi, akivumisha wimbo wa kwao puani. Nilijikuta sitaki kutoka.

Nilipotoka, aliikandamiza kabichi kwa sahani na jiwe, akainama tena, akaanza kunifuta kwa taulo.

"Hii haitakolea kabla ya Krismasi," alisema, macho yake kwenye miguu yangu. "Na kila siku lazima itobolewe kwa kijiti, ipumue. Bogdan hajui. Wewe umeniona nikifanya. Kaeni mpaka tuile, Colombe."

Taulo likatulia juu ya vidole vyangu, likingoja.