Jike wa Jabalini

Kabla jogoo hajawika, kibuyu kilianza: chubwi, chubwi, chubwi. Bibi Salu alikuwa akisuka maziwa nje, mgongo kauegemeza kwenye mlango ambao mkamwana wake Nyanjige alikuwa hajauvuka kwa miezi mitano.

Watoto wawili wa kwanza wa Nyanjige walikufa, kila mmoja baada ya kubebwa kwenda shamba la pamba. Huyu wa tatu walimwita Shida, na Salu akaapa kuwa hatatoka ndani mpaka aote jino. Wala mama yake. Sasa mtoto alipauka, na moshi wa jikoni ukamkohoza.

Palikuwa na ufa kwenye ukuta wa nyuma, uliopakana na njia. Kutoka pale Nyanjige alilitazama jabali la nyani, na huko alikuwa na mwenzake: jike aliyezaa juma lile lile alilozaa yeye, kitoto cheusi tii.

Kulipopambazuka, jirani yao Justina, aliyelinda mahindi yasiliwe na nyani, alipita akapenyeza kipande cha kiazi cha moto ufani.

“Mwangaluka, mwanangu,” akamwamkia.

“Mwangaluka, mayu. Mwenzangu yupo?”

“Yupo. Ila kuna dume mgeni, kaua vitoto viwili. Mama mmoja alijificha na chake pangoni, peke yao. Huko huko akawakuta.”

“Na wangu?”

“Kakaa katikati ya wenzake. Kuna dume mzee, kidole kimoja hana, habanduki kwake. Na kitoto kinaanza kugeuka kahawia. Miaka tisa nalinda mahindi. Wakishageuka hivyo, wengi huwa wamepona.”

Kibuyu kikanyamaza.

“Justina,” Salu akasema, “unamfundisha mkamwana wangu unyani?”

“Nasema nilichokiona. Yule mzee asiye na kidole ni wewe mtupu, kila alfajiri mlangoni. Ila yeye hakumfungia mtu pangoni.”

Salu akaguna, kisha akacheka kidogo bila kutaka. Nyanjige alisikia kicheko kile, akatambua kwamba maziwa yangeweza kusukwa popote pale uani. Bibi yule alikuwa akilinda, naye alikuwa na hofu kama yake.

Komeo likaondolewa.

“Mpaka zizini tu,” Salu alisema, akitandika juani ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akiikalia mwenyewe. “Lango la miba la boma siligusi.”

Nyanjige akaketi. Shida akapiga chafya kwa mwanga, akaushika mkufu wa bibi yake. Miba ilikuwa bado imewazunguka pande zote.

“Mayu Justina,” Nyanjige akaita kupitia miba, “kesho upite tena, uniambie kama mwenzangu bado yupo.”