Soketi Niliyoifunga

Mimi si mtu wa kubembeleza, na mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa. Kwa hiyo alipotia saini mwaka mwingine kwenye meli ya kutandaza nyaya baharini bila hata kuniuliza, nilimwambia aende zake na asinitafute. Akaenda. Ikapita siku, ikapita wiki, ikapita miezi, kimya. Nikajua amenuna. Basi na mimi nikanuna, tuone nani atachoka kwanza.

Meli ile haina simu ya mabaharia. Njia yetu ilikuwa programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, nakala moja kwake, nyingine kwenye kompyuta yangu ya kazini, kwa ruhusa ya bosi. Safari zote zilizopita, kila siku saa nne na robo asubuhi iliniletea mistari miwili mitatu: amekula nini, nani kateleza ngazini. Safari hii hata salamu sikupata. Nilimkosa, jamani. Nilikuwa nalala upande wake wa kitanda, asubuhi nakwenda kazini nimekaza uso. Wifi yangu aliniuliza mara mbili kama nimemwandikia. Nikamwambia nimwandikie mimi, kwani mimi ndiye niliyeondoka?

Kazi yangu ni kulinda mfumo wa kompyuta. Soketi ni mlango ambao programu hupokelea habari za mtandao, na kwetu kila soketi ina lebo inayoonyesha nani anaruhusiwa kuongea nayo. Lebo zisipopatana, mfumo unakataa na kuandika kwenye kumbukumbu. Mwezi huu bosi alitaka lebo zote zikaguliwe, moja baada ya nyingine, kazi ya kuumiza macho.

Jumanne nikafika kwenye kompyuta yangu. Soketi ya mume wangu ilikuwa na lebo ya msimamizi, yaani lebo yangu mimi. Soketi huchukua lebo ya yule aliyewasha programu. Wiki aliyosafiri nilisasisha mfumo, na kwa zile hasira zangu nikaiwasha programu kwa mkono wangu badala ya kuuachia mfumo uiwashe wenyewe. Na kitu chochote cha nje ya jengo hakiruhusiwi kugusana na soketi ya msimamizi, kuingia wala kutoka. Kanuni hiyo niliiandika mimi, tena kwa kujisifu.

Sasa mbona sikuona onyo lolote? Kwa sababu ya printa ya ghorofa ya pili, iliyokuwa ikigonga lebo hiyohiyo na kukataliwa mchana kutwa, kila mara onyo, mpaka ikanichosha. Niliamuru ripoti yangu isinionyeshe tena makatazo ya aina ile.

Nikafungua kumbukumbu kamili. Saa nne na robo, imekataliwa. Kesho yake saa nne na robo, imekataliwa. Siku themanini na moja mfululizo. Maneno yenyewe hayahifadhiwi, ni saa na lebo tu, kwa hiyo aliyoniambia sitayasoma kamwe. Mara ya mwisho ilikuwa siku kumi na mbili zilizopita. Ningemwandikia hata neno moja lingekwama palepale, na ningeligundua kosa siku ileile. Kiburi changu, Mungu wangu.

Bosi akasimama nyuma yangu, akauliza soketi ile ni ya programu ipi.

“Ya mume wangu,” nikasema.

Akaniambia nisahihishe lebo kisha niijaribu. Nikaandika: “Ni mimi niliyefunga bila kujua. Nisamehe. Nimekukumbuka mpaka basi.” Nikatuma. Lebo zikapatana, ujumbe ukapita kwetu vizuri kabisa, ukafika kwenye meli. Jibu la kompyuta ya huko likarudi papo hapo: huko hakuna programu inayosikiliza. Ameizima.

Bosi akasema kwa upole kwamba soketi isiyotumika inafungwa, ndiyo kanuni.

“Naomba uiache, bosi. Nakuomba sana.”

Akaiacha. Kesho saa nne na robo nitabisha tena. Yeye alibisha mara themanini na moja, mimi nimebisha mara moja tu.