Vidange ya Jicho

Haya, weye unayenisikiliza, tegua hii: wanakaa nyumba moja, wanaamka pamoja, wanalia pamoja, lakini tangu wazaliwe hawajaonana. Ni nani?

Ni macho. Umepata. Sasa Kambale, fundi wa pikipiki pale mtaa wa Nyakasanza, hapa Bunia, jicho la kushoto lilimufia zamani, kipande cha chuma kiliruka kikaingia. Likabaki la kuume peke yake. Hilo ndilo Musoki, bibi yake, alikuwa analipigania mwaka muzima, mpaka roho imemuchoka.

Ilianza hivi: pazia ya ndani ya jicho, ile inayopokea picha, ilibanduka kama vile rangi inavyobanduka ukutani. Wakaenda Kampala. Waganga wa hospitali wakairudisha mahali pake, wakaweka hewa ndani ya jicho ili iikandamize, wakasema: siku kumi na ine, uso chini, mchana na usiku. Siku ya tano, wamesharudi nyumbani, Musoki anatoka sokoni, anamukuta mume wake amekaa wima, shingo imenyooka, anasikiliza pikipiki ya mteja inavyokohoa.

"Baba Aimé! Uso chini!"

"Nasikiliza tu, Mama Aimé. Sikio haiko jicho."

Pazia ikabanduka tena.

Mara ya pili wakaingiza mafuta mazito ndani ya jicho. "Mafuta itakaa miezi mine," wakasema, "kisha mutarudi tuitoe." Musoki alisikia miezi mine. Kambale, yeye alisikia vidange, kubadilisha mafuta ya injini.

Na fundi wa pikipiki, nani atamufundisha vidange? Mwezi wa ine ukaisha. "Bado," akasema. Mwezi wa saba ukaisha. "Bado! Mafuta inachoka kama mashine inatembea. Hii jicho imetembea wapi? Iko nyumbani tu. Mafuta ingali safi."

"Lakini ile ni jicho, haina hata bougie ya kuwasha moto!"

"Weye ulishafungua injini ngapi?"

Musoki akaingia jikoni akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi moja asubuhi Kambale akaamka kichwa kinamupasuka, anatapika, jicho jekundu kama pilipili. Musoki hakubishana tena. Akamuvuta kwa mukono mpaka kwa munganga Dorcas, anayeangalia macho hapa Bunia. Dorcas akapima, akamulika taa, akamulika tena.

"Pression, presha ya ndani ya jicho, imepanda sana," akasema. "Mafuta imekaa muda mrefu, imekatika vitone vidogo-vidogo, imeziba njia ya maji ya jicho. Tena pale chini kovu inavuta pazia. Imeanza kubanduka."

"Kumbe mafuta imechafuka?" akauliza Kambale, kama mtu aliyeletewa habari ya kazi yake.

"Funga kinywa!" Musoki akamukata.

"Nitawapa dawa ya kushusha pression," Dorcas akaendelea. "Lakini lazima murudi Kampala mara ya tatu. Watatoa mafuta, watakata kovu. Inaweza kushika, inaweza kukataa. Mara ya tatu haiko kama ya kwanza, siwadanganyi. Sasa nitawapigia simu waganga wa Kampala, na wataniuliza neno moja. Muzee, uliacha kuona tangu lini? Kama ni siku chache, tunakimbia. Kama ni miezi, hata pazia ikirudi, utapata mwanga tu."

"Mimi naona muzuri."

Dorcas akainua mukono. "Vidole ngapi?"

"Tatu."

Ilikuwa ngumi. Hakuna kidole hata kimoja kilichosimama. Musoki akaangalia ngumi ile, akaangalia uso wa mume wake.

"Tangu lini, Baba Aimé?"

Dorcas akatoka na simu yake, akasimama mulangoni akingoja.

"Jana nilikupa kahawa, ulishika kikombe bila kukosa!"

"Nilifuata joto."

"Na ile gurudumu ya pikipiki ya mteja wako Josaphat, ulifunga juzi!"

"Hiyo ni kazi ya mikono."

"Na mimi mujinga napita mbele yako, nikidhani unaniona! Sema basi!"

"Nikisema, munanilaza tena uso chini kama samaki wa kukaushwa."

"Nitakulaza, ndiyo! Nitakukalia mugongoni siku zote kumi na ine, wateja wako waje wasalimie kisogo! Lakini nitakulaza bure ao kwa faida? Munganga anangoja. Tangu lini?"

Kambale akapangusa jicho lenye kutoka machozi. Akatafuta mukono wa bibi yake hewani, akaukosa, akautafuta tena, akaupata.

"Siku ya Mungu hii imepita, siku ine tu," akasema. "Ulivaa kitenge kipya cha kwenda kanisani, ukaniuliza kama kinakukaa muzuri. Nikasema kinang'aa. Sikukiona, Mama Aimé."