Saa Tisa ya Jua

Zeleke Abate hakuwa mtu wa kufunga. Alikuwa mtu wa kuuza vipuri vya magari pale soko la Merkato, na katika Kwaresima Kuu, zile siku hamsini na tano ambazo nusu ya Addis Ababa hukunja uso kwa njaa hadi saa tisa alasiri, yeye alikuwa akijipenyeza nyuma ya duka, nyuma ya marundo ya breki na mabomba ya moshi, akila nyama ya kusaga inayoelea kwenye siagi. Akitoka hujipaka grisi kidogo kidevuni, watu wadhani ni kazi.

Mambo yalikuwa shwari mpaka alipompenda Fikirte. Fikirte alikuwa muuguzi Washington, naye alishakubali. Aliyekuwa hajakubali ni baba yake, Ato Kinfe, yaani Bwana Kinfe, mwenyekiti wa kamati ya kanisa huko huko Washington, mzee ambaye hata kwenye simu sauti yake ilinukia ubani. Ato Kinfe alisema hatapokea wazee wa posa wa mtu yeyote mpaka dada yake mkubwa, Aselefech, akae na huyo kijana kutwa nzima, amtazame, kisha aje amwambie alichokiona. Atakalosema dada ndilo hilo hilo.

Zeleke akajiona mjanja. Aselefech, shangazi wa Fikirte, alikuwa anakwenda Washington kula Pasaka kwa ndugu yake, naye Zeleke alikuwa anakwenda kumwona mchumba. Akakata tiketi mbili za daraja la biashara, viti vya kulala vinavyogusana mikono, saa kumi na tatu angani bila kutua. Alidhani anamnunulia shangazi starehe. Kumbe alikuwa anajinunulia mahakama, na hakimu kamkalisha dirishani.

Asubuhi ya safari hakunywa hata chai nyumbani. Hesabu yake ilikuwa kwamba kwenye ukumbi wa abiria wakubwa pale uwanja wa ndege, kabla shangazi hajafika, atajaza tumbo mara moja litakalomfikisha hadi jioni. Alikuwa na sahani mkononi, mayai yenye pilipili yakifuka moshi, alipogeuka na kumwona bibi mfupi aliyejitanda shuka jeupe, kitabu cha sala mapajani, akimtazama kwa upole mkubwa.

"Zeleke, mwanangu?"

Zeleke aliitua ile sahani mbele ya Mchina aliyekuwa anasoma simu yake, akamwambia karibu, kula, kisha akaja kumbusu shangazi mashavu yote mawili na kurudia tena. Mchina wa watu hakuelewa, lakini alikula.

Hapo angeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Zeleke akaanza kueleza, bila kuulizwa, kwamba yeye tangu utotoni hufunga kama watu wa kale, hata tone la maji haligusi ulimi wake kabla ya saa tisa. Shangazi akasema Mungu amzidishie. Zeleke akaongeza kwamba Jumatano na Ijumaa za mwaka mzima pia hazimpiti. Shangazi akasema, loo, kijana wa siku hizi. Kila aliposifiwa alipanda ngazi moja zaidi, na walipofika kwenye mlango wa ndege alikuwa amebakiza kidogo tu awe mtawa.

Mhudumu wa sehemu yao aliitwa Meaza, binti mwembamba mwenye macho ya mtu aliyewahi kuuza sokoni kabla ya kuvaa sare. Aligawa taulo za moto na sharubati. Shangazi akakataa sharubati, Zeleke naye akakataa, huku jicho lake likiisindikiza ile trei hadi safu ya mwisho. Ndege ilipokwisha kupanda, saa nne na nusu hivi, Meaza akarudi na kijitabu chake kuuliza nani amefunga na wangependa kuandaliwa saa ngapi.

"Saa tisa, mwanangu," shangazi akasema.

"Saa tisa ya wapi, mama?"

Meaza akaeleza kwamba haulizi kwa ubishi. Kila Kwaresima abiria hugombana humu ndani kwa jambo hilo. Wapo wanaofuata saa ya Addis, kwa kuwa ndiko walikoamkia na ndiko walikoanzia mfungo wao. Wapo wanaosema mfungo hufuata jua la pale mtu alipo. Mwaka jana mapadri wawili walishuka hawasemeshani.

Shangazi akamgeukia Zeleke. "Wewe ndiye mtoto wa kanisa. Unasemaje?"

Zeleke alifikiri haraka. Naye alikuwa na uzoefu, msidhani hakuwa nao. Mara kumi na nne alikwishasafiri kwenda Guangzhou kuchukua vipuri, na mara zote kumi na nne jua lilikimbia kama limeiba: unakula chakula cha mchana, hujamaliza, nje kumeshakuwa jioni. Ndivyo ndege zilivyo, alijua. Ukifuata saa ya mkononi utakufa njaa. Ukifuata jua, saa tisa itafika kabla hujakaa vizuri.

"Jua, shangazi," akasema, na akanyanyua kidole kidogo kama alivyowaona mapadri wakifanya. "Saa ya mkononi imetengenezwa na watu. Jua limewekwa na Mungu. Mimi siwezi kuweka kitu mdomoni kabla jua lenyewe halijasema ni saa tisa."

Shangazi alifunga kitabu chake cha sala. Kisha akasema imani kama hiyo yeye hana, yeye mwanamke mnyonge wa magoti mabovu, atafuata tu saa yake ya Addis. Ila Zeleke asimwonee haya, afuate jua lake.

Meaza aliinua kalamu. "Kaka, una uhakika?"

"Andika."

"Na maji pia?"

"Na maji."

Akaandika. Zeleke akalegeza kiti, akatabasamu, akasubiri jua likimbie.

Mbele yao alikaa Mholanzi wa mashamba ya maua, ambaye hakufunga kitu chochote isipokuwa mkanda. Aliletewa mkate wa moto, kisha supu, kisha kipande cha nyama ya ng'ombe kinene kama kitabu cha sala cha shangazi. Harufu ilipita juu ya kiti na kumkalia Zeleke usoni. Nyuma, kwenye jiko la ndege, wakaanza kuchemsha kahawa. Zeleke akafungua skrini yake, mahali panapoonyesha ramani na saa ya pale ndege ilipo. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini. Akafumba macho, akahesabu breki zote zilizobaki dukani, karibu saa nzima, akafumbua. Saa tano kasorobo.

Alidhani skrini mbovu. Akaipiga kwa kiganja, kama redio. Akachungulia ya Mholanzi, nayo ilisema hivyo hivyo. Akamwita Meaza kwa sauti ya chini na kumwambia saa za ndege yao zinarudi nyuma.

Meaza alichuchumaa kwenye njia, uso wake ukiwa sawa na mkono wa kiti, akamweleza polepole kama anayemwambia mgonjwa habari zake. Kwenda China, jua linakuja kukulaki, mnapishana njiani, siku inakuwa fupi. Kwenda Marekani unalifukuza, nalo linatangulia. Linakushinda mbio kidogo tu, kwa hiyo muda wote liko pale pale juu, linakutazama.

"Sasa saa tisa itafika lini?"

Meaza akaenda kumuuliza rubani. Alirudi akiwa ameuma mdomo wake wa chini. "Rubani anasema, Mungu akijalia, tukikaribia Kanada."

Zeleke akauliza ni muda gani, kwa mtu anayevaa saa ya kawaida. Meaza akasema kama saa kumi nyingine hivi kuanzia sasa, kisha akamfunika miguu kwa blanketi, bila kuombwa.

Kufikia juu ya Misri, ulimi wa Zeleke ulikuwa umekauka kama gamba. Shangazi alikuwa anasoma zaburi kwa mnong'ono, na kila akifika mahali pa asali, au maziwa, au meza iliyoandaliwa, Zeleke aliona kama anapandisha sauti. Mwishowe alimwambia anakwenda kunyoosha miguu. Akapita pazia la jikoni, akamshika Meaza mkono na kumwambia dada yangu, mimi ni mtu mbaya, nipe chochote.

Meaza hakushangaa hata kidogo. Alimpa mkate wa duara, wa moto, wenye ufuta juu. Zeleke alikuwa ameshaufikisha kwenye meno pazia lilipofunguka, akaingia shangazi, akilalamika kwamba magoti yamekaza na kwamba daktari alimwambia atembee. Mkate ukaingia mfukoni mwa koti. Mkate wa moto mfukoni ni jambo ambalo mtu hulihisi. Zeleke alisimama ubavu ukiungua, akasikiliza habari ya magoti yote mawili, la kulia tangu mwaka wa ukame, la kushoto tangu msiba wa mume wake, mpaka shangazi alipomshika mkono ule ule wa upande wa mfuko na kumwomba amrudishe kitini. Walipokaa akaona shuka lake jeupe limeshika punje za ufuta. Shangazi akazipangusa moja moja.

Saa tisa ya Addis ilifika kwa wakati wake, kama kila siku. Skrini ilikuwa inasema saa saba kamili. Meaza alileta trei ya shangazi: injera, ule mkate mpana wa Kihabeshi, iliyokunjwa vizuri, dengu nyekundu za pilipili, shiro ya unga wa kunde inayotokota, kabichi na karoti, nyanya mbichi na kitunguu. Shangazi aliomba dua, akajifuta mikono kwa taulo la moto, akala. Alikula kwa utulivu na kwa sifa. Hii shiro, alisema, sikutegemea angani. Hizi dengu wamezipika watu wanaojua. Zeleke alitazama mawingu.

Kisha akasikia ameitwa jina. Akageuka. Mkono wa shangazi ulikuwa umenyooshwa mbele ya mdomo wake, na vidoleni mwake limeviringwa tonge, kubwa, limelowa rojo, injera nje, dengu na shiro ndani.

Gursha. Na gursha ya mkubwa hairudishwi. Mtu anayekulisha kwa mkono wake mwenyewe amekwambia wewe ni wake, ukigeuza uso umemwambia hapana. Ng'ambo ya njia, mzee wa mvi mwenye tai alikuwa ameacha kutafuna, anatazama. Mke wake naye kavua vidude vya masikioni.

Zeleke alitazama lile tonge, akatazama skrini. Akila, basi ule mfungo wa jua, na utoto wote wa kanisa, na Jumatano zote, ni upuuzi mbele ya mashahidi. Asipokula, amemkataa shangazi wa Fikirte mkono ukiwa hewani, na habari itafika Washington kabla ya mizigo.

"Mkono wa shangazi unachoka," shangazi akasema.

"Shangazi, jua bado."

"Nalijua jua. Nakuuliza wewe."

Tone la rojo lilidondoka kwenye blanketi. Zeleke akaweka mkono juu ya mfuko wa koti.

"Sijafunga tangu nikiwa na miaka tisa," akasema. "Hata siku moja. Nakula nyuma ya duka. Haya ya leo yote nimeyatunga ili uniseme vizuri, na mfukoni nina mkate."

Mzee wa mvi akashusha pumzi. Mkono wa shangazi haukurudi nyuma.

"Najua," akasema. "Fikirte alinisimulia tangu mwezi uliopita, alicheka mpaka simu ikamdondoka. Fungua mdomo."

Akafungua. Tonge likaingia lote, na machozi yakamtoka, ya pilipili na ya mengine. Shangazi akaanza kuviringa la pili bila haraka. Alisema ndugu yake Kinfe, kwa uchamungu wake wote, hakumtuma kuhesabu mifungo ya mtu. Alimtuma aone uongo wa kijana huyu una urefu gani. Marehemu mume wangu, alisema, alinidanganya kwamba anafunga kwa miaka ishirini na sita, uso mkavu, hakutetemeka hata siku moja, na mtu wa namna hiyo hujui kitandani umelala na nani.

"Wewe umedanganya tangu ukumbini hadi hapa, na umekonda. Pumzi yako ya uongo ni fupi. Hilo nitamwambia."

Zeleke alitaka kushukuru, tonge la pili likamziba. Akatikisa kichwa.

"Lakini habari ya mfungo mimi simwambii. Utamwambia mwenyewe, mlangoni, kabla hujavua koti. Nitakuwa nyuma yako. Ukiongeza chumvi nitakufinya."

Tonge la tatu. Baada ya hapo shangazi alijifuta vidole, akamwita Meaza, akamwambia amletee mkwe wao trei yake, jua limeghairi. Kisha akabonyeza kiti chake mpaka kikawa kitanda, akajifunika shuka hadi puani, na baada ya dakika tano alikuwa anakoroma.

Zeleke alikula trei nzima, akaomba nyingine. Zilibaki saa nane kufika Washington. Meaza alipokuja kuondoa vyombo alimkuta anasema peke yake, midomo inacheza. Zeleke akamwomba asimame pale njiani kidogo, ajifanye mzee mwenye ndevu.

"Ato Kinfe," Zeleke akaanza, "mimi, kwa kadiri ya hali, katika suala la mifungo..."

"Anza tena," Meaza akasema, mikono kiunoni. "Na usiangalie viatu vyangu."