Nafasi Baada ya Salamu

Balbina alikuwa fundi redio pale Lumemo. Mtambo wa kurusha sauti alikuwa ameuunda mwenyewe, kwa vipuri vya kuokoteza na subira ya miaka miwili. Ila kuuwasha kulihitaji leseni, na leseni haitoki bila mtihani. Mara ya kwanza alifeli.

"Maswali ya umeme nilipata yote," alimlalamikia Mwalimu Elineema, mstaafu mwenye leseni ya siku nyingi. "Wameniangusha kwenye kuongea. Kweli Mwalimu, mtu mzima mimi nifundishwe kuongea?"

"Hebu keti hapa uongee, nikusikie," Mwalimu akasema, akampa maiki ya mtambo wake.

Upande wa pili alikuwa mzee Tamimu, mwenye duka la vitambaa huko Sanje. Balbina akamwamkia, akaitikiwa. Akauliza habari za nyumbani, za duka, za mvua, za wajukuu. Mzee naye hakukubali kuzidiwa adabu. Akauliza za mpunga, akauliza za wazazi, kisha akaeleza habari za mguu wa mkewe tangu siku ulipoteguka. Mmoja akivuta pumzi tu, mwenzake ameshadakia.

Mwalimu akagonga meza. "Acha nafasi. Akimaliza, hesabu mpaka tatu ndipo ubonyeze kitufe cha kuongea."

"Mzee ananisalimu, nimkalie kimya? Si dharau hiyo?"

"Hesabu tu, mama."

Balbina akahesabu huku amenuna. Moja. Mbili. Hakufika tatu; sauti nyembamba ya mwanamke ikapenya.

"Hapa ni nesi Eufrasia. Pikipiki imenasa kwenye tope, karibu na Namawala. Nina chanjo kwenye kiboksi cha barafu na simu haishiki mtandao. Nawaita kwa redio hii ya kazini nusu saa sasa. Nimesikiliza mpaka mguu wa mama umepona."

Mzee Tamimu akacheka mpaka redio ikakwaruza. Balbina yeye aliona haya. Akauliza nesi yuko sehemu gani hasa, barafu imebaki kiasi gani, akamrudishia kila neno kuhakikisha. Kisha akampigia simu Seni, mfugaji wa Namawala mwenye trekta. Saa haikupita, Eufrasia akarudi hewani: amefika zahanati, na barafu haijaisha.

Mwezi uliofuata Balbina aliketi tena mbele ya msimamizi wa mtihani.

"Haya, anza mazungumzo."

Akashika maiki, akatulia tuli. Msimamizi akatazama saa yake.

"Umesahau, mama?"

"Sijasahau. Nasikiliza kwanza, huenda yupo mwenye shida."

Msimamizi akainama, akaandika kitu kirefu kidogo kwenye karatasi yake.

Leseni ilifika siku ya Jumanne. Balbina akauwasha mtambo wake asubuhi ileile, wakamwitikia watu sita, na siku hiyo hakuna redio ya mteja iliyotengenezwa.