Nyota Juu ya Gauni la Bibi Harusi

Mume wa fundi cherehani alikuwa amefunga zawadi zote za Krismasi kwa karatasi za kabatini, akazigonga nyota kwa muhuri wa kiazi, kichwa kikamvimba kwa majivuno. Mkewe alipoingia na kuziona, akapiga kelele.

“Baba watoto, hizo ndizo karatasi nilizochorea vipimo vya gauni la bibi harusi! Nalikata leo!”

“Si ulisema tusinunue karatasi za zawadi?”

“Nyamaza, fungua!”

Vipande vyote vikapatikana isipokuwa cha kiuno. Hicho mume alifungia zawadi ya mama mkwe wake, nayo ilishapelekwa.

“Kakilete mwenyewe,” mke akasema. “Mimi simo.”

Mume akamkuta mama mkwe ameshakibandika ukutani, anawaringia majirani.

“Mkwe wangu fundi, jamani! Tazameni nyota hizi!”

Tangu aoe hakuwahi kusifiwa na mama huyo. Akaomba kiti, akapanda, akaanza kukibandua huku bado anasifiwa.